Wasomaji wangu hawatoki Google tena, wanatoka Biashara Street

Jamani nimepotea siku nyingi, najua. Kulikuwa na jambo linanisumbua nikasema sitaandika mpaka nilielewe, na sasa nimelielewa kiasi cha kuweza kumwambia mtu, kwa hivyo kaeni kitako, maana nimeulizwa na wengi wenye tovuti zao, wa mapishi, wa mashairi, yule kaka wa nyumba za kukodisha Nyali, wote swali lao ni moja: Google ikikupa mgongo, wasomaji unawatoa wapi?

Kwa wasionijua, mimi nina tovuti ya majina ya leso. Wengine mnaita kanga, sisi Mombasa ni leso, na yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji, yaani ile sehemu ya katikati, juu kidogo ya pindo la ukingoni, ndiyo jina lake. Nyanya yangu alipofariki aliniachia sanduku, doti kwa doti zimekunjwa na asumini kavu katikati, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika jina moja moja, maana yake, nani alikuwa akivaa akimwambia nani. Wema hauozi. Usisafirie nyota ya mwenzio. Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Kila jina lina ukurasa wake na picha yake, na sasa hivi yamepita mia nne.

Miaka mitatu ya mwanzo mambo yalikuwa mepesi. Mtu ameona jina harusini, au wifi yake amepita mbele yake na leso yenye maneno makali, anaandika Google "maana ya" kisha lile jina, anakuja kwangu. Katika watu kumi, wanane walitoka huko. Halafu mwaka jana ikaanza kushuka, kidogo kidogo, nikadhani ni Ramadhani watu wako kwenye ibada, Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, ikazidi kushuka. Nikafungua Search Console, ile ya Google yenyewe inayokuonyesha umetokea mara ngapi na umebonyezwa mara ngapi, nikaona kitu kikanitoa jasho: kutokea ni kulekule, nafasi ni ileile ya kwanza au ya pili, ila kubonyezwa kumeporomoka. Manake mtu anauliza, jibu analikuta hapohapo juu, anasoma anaondoka. Na jibu lenyewe mara nyingine ni sentensi yangu mimi, niliyokaa nayo usiku mzima natafuta neno, sasa inasomwa na mtu asiyejua kwamba nyuma yake kuna sanduku, kuna picha, kuna kisa cha ile leso. Iliniuma sana.

Nikapoteza kama mwezi nabadilisha vichwa vya kurasa, napunguza uzito wa tovuti, nasoma ushauri wa watu wa Marekani. Hakuna kilichobadilika.

Sasa sikilizeni hapa. Kwenye Google Analytics, ile ya kuhesabu wanaoingia kwenye tovuti, kuna fungu linaitwa Direct, yaani watu walioingia moja kwa moja, na siku zote nilikuwa nalipita nikidhani ni watu waliokariri anwani yangu wanaiandika wenyewe. Siku moja nikatazama ni kurasa gani wanazoingilia. Ukurasa wa kwanza kwenye orodha ulikuwa wa Usisafirie nyota ya mwenzio, ambao anwani yake ni ndefu kama treni. Hakuna binadamu atakayekaa aiandike ile kwa vidole. Kwa hivyo kuna mtu anaituma. Linki ikibonyezwa ndani ya WhatsApp mara nyingi haisemi imetoka wapi, kwa hivyo ile mashine ya kuhesabu ikikosa pa kumweka mtu inamtupa kwenye fungu hilo. Mwandishi mmoja wa Marekani, Alexis Madrigal, aliliandikia jambo hili mwaka 2012 kwenye jarida la The Atlantic, akasema sehemu kubwa ya watu kupeana linki inafanyika gizani, kwenye barua pepe na ujumbe wa mtu kwa mtu ambao hakuna anayeuona. Kwetu hilo giza lina jina, ni WhatsApp.

Dawa yake ni kuitia linki alama. Unaongeza maneno mwishoni, utm_source kisha jina la inakotoka, na hesabu inaanza kusema ukweli. (UTM ni ufupisho uliobaki kutoka Urchin, kampuni ambayo Google iliinunua mwaka 2005 na ndiyo iliyozaa Analytics.) Nikaweka kitufe cha WhatsApp chini ya kila jina, kikiwa na alama yake. Wiki mbili tu nikajua kwamba wasomaji wangu wengi walikuwa wanapeana wenyewe kwa wenyewe wakati mimi nalia na Google.

Lakini kujua wanapeana ni jambo moja, kujua wanapeana vipi na wapi ni jingine, na hilo sikulipata kwenye kompyuta. Nililipata Biashara Street, hapa Mombasa.

Nilikuwa nimeenda kumnunulia shangazi yangu doti. Mnaijua Biashara Street, ukishatoka Digo Road leso zimetundikwa pande zote mbili mpaka barabara yenyewe ina rangi, na huko ndiko kwenye zile leso zenye alama ya Mali ya Abdulla, za Kaderdina Hajee Essak, anayetajwa kuwa ndiye aliyeanza kutia majina kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye hizi tunazosoma leo. Mimi nikaingia duka la ami mmoja ninayemjua tangu utotoni. Kwenye benchi wamekaa wanawake wawili, mtu na mdogo wake. Mmoja ameishika leso kwa pembe mbili ameitandaza kifuani, mwenziwe amechutama chini na simu, anapiga picha lile jina tu, si maua, si rangi, jina. Akamtumia dada yao aliye nyumbani. Wakangoja. Ikaja sauti, akaiweka kwa spika duka zima likasikia: "Hilo la hasidi silitaki, wakwe watadhani nawaambia wao, nitafutieni jingine." Ami akapanda ngazi akashusha rundo. Picha nyingine, kungoja kwingine, sauti nyingine. Nilikaa pale dakika arubaini wakatuma majina kumi na moja.

Nikasema subhanallah, kazi yangu yote iko hapa. Watu wanauliza maana ya majina tangu asubuhi duka linafunguliwa mpaka jioni, wamekuwa wakiuliza hivi kabla ya Google na kabla yangu mimi, na mimi sikuwako pale.

"Ami," nikamwambia, "nikibandika karatasi ndogo hapa utanikataza?"

"Karatasi ya nini mwanangu?"

"Mteja akitaka kujua maana ya jina, anaelekeza simu yake, inamfungulia."

Akafikiri. "Ikiwa itanipunguzia kueleza, bandika mbili."

Ndipo nikaingia kwenye mambo ya QR, zile alama za miraba zinazosomwa na simu. Zilibuniwa Japani na Denso Wave mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, na leo simu nyingi zinazisoma kwa kamera tu bila kupakua kitu. Ya kwanza nilibandika mlangoni, haikusomwa na mtu, kwa sababu mlangoni mtu ana mkoba mkono mmoja na mtoto mkono mwingine. Nikaihamishia kando ya ile namba ya kulipia M-Pesa, pale ambapo kila mteja lazima atoe simu na asimame, na siku hiyohiyo zikaanza kuja. Mwanzo nilizichapisha ndogo, sentimita tatu, tena kwenye karatasi ya kung'aa, taa ya duka ikawa inapiga juu yake kamera haioni. Sasa natumia sentimita sita na karatasi isiyong'aa. Na juu yake hakuna "tembelea tovuti yetu", kuna swali: Jina hili lina maana gani?

Hapa nataka mjifunze kwa kosa langu kwa sababu liliniaibisha. Zile stika za kwanza, thelathini kwenye maduka tisa, nilizielekeza kwenye linki fupi niliyotengeneza bure kwenye tovuti moja ya kufupisha linki. Baada ya miezi miwili wale jamaa wakaanza kutia tangazo katikati, mtu akisoma stika anapitishwa kwanza kwenye tangazo ndipo aje kwangu. Ami akanipigia simu, tena ni mwezi wa Ramadhani. "Mwanangu, mbona karatasi yako inanionyesha kamari?" Nilikosa pa kuuweka uso. Nilizunguka maduka yote tisa siku hiyo na kopo la maji ya moto na kisu nikizibandua moja moja, na kila duka naomba radhi. Tangu hapo stika zangu zote zinaelekea kwenye anwani fupi ya domeni yangu mwenyewe, yaani jina la tovuti lililo langu, kila duka na namba yake, na nikitaka kubadilisha inakompeleka mtu nabadilisha upande wangu, stika inabaki pale ukutani. Pia kwa namba hizo najua duka gani linaleta watu, na anayeongoza mpaka leo ni ami.

Jambo la pili nililolipata kwenye lile benchi ni ile picha ya jina. Linki yangu ikitumwa WhatsApp ilikuwa inaonyesha nembo ya tovuti, duara la kijani, basi. Nani atabonyeza duara la kijani? Ile picha inayotokea juu ya linki unaiamua wewe mwenyewe, kwa mistari michache ya msimbo ambayo msomaji haioni, inayoitwa Open Graph, Facebook ndio walioileta mwaka 2010 na karibu kila mahali sasa wanaifuata, WhatsApp pia. Nikachukua kila leso nikaikata picha upana pikseli 1200 na urefu 630, jina liko katikati linasomeka hata bila kufungua, na nikahakikisha haizidi kilobaiti 300 kwa sababu picha nzito ilikuwa mara inatokea mara haitokei. Kurasa mia nne na kitu, jioni baada ya jioni, mume wangu ni shahidi. Ukishabadilisha usishangae ukiona ile ya zamani bado inatokea, kwa upande wa Facebook kuna ukurasa wao wa Sharing Debugger, unatia linki unawaambia wasome upya. Kama una nguvu za kufanya kitu kimoja tu katika haya yote, fanya hiki. Mtu akituma linki yangu leo anatuma leso.

Kisha zikaja harusi. Mnajua mambo yetu, sare ya leso inaamuliwa na kamati, na kamati iko kwenye grupu la WhatsApp lina watu sitini na kila mmoja ana maoni. Nikatengeneza ukurasa mmoja wa majina ya harusi tu, nimeyapanga kwa anayevaa: mama wa bi harusi, mawifi, shangazi, upande wa bwana, na yale ya kuepuka nimeyaweka chini peke yake na sababu. Mama mmoja wa Majengo akautia kwenye grupu la kamati yake Alhamisi. Jumapili nilikuwa na watu kutoka Malindi, Lamu, Unguja, Muscat. Hakuna tangazo nililolipia. Na hapa kuna siri ndogo ya kiufundi: tangu mwaka 2020 ujumbe ukishapita mikono mitano WhatsApp inakubana, huwezi tena kuutuma kwa mpigo, ni mtu mmoja mmoja au grupu moja moja. Lakini aliyefungua ukurasa akabonyeza kitufe cha kutuma kilichoko chini yake anatuma ujumbe mpya kabisa, unaanza safari upya. Ndio maana kitufe kiko chini ya kila jina na si juu tu.

Nilipoona hivyo nikapata tamaa nikafanya jambo ambalo sitalirudia. Nilikuwa na namba za wanawake walionitumia maswali, nikafungua grupu nikawatia wote. Usiku huohuo bi mkubwa mmoja akanitumia sauti, taratibu, bila kunifokea: "Mwanangu, namba yangu nilikupa unijibu, sikukupa unitie kundini." Ana haki, na hata sheria iko upande wake, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu, ila kilichonichoma si sheria, ni ile sauti yake. Nikalivunja lile grupu nikamwomba radhi kila mmoja peke yake. Nikafungua chaneli badala yake, hizi za WhatsApp zilizoanza mwaka 2023, mtu anaingia kwa mguu wake na wenziwe hawaioni namba yake. Kila Alhamisi jioni naweka jina moja. Jina moja tu. Wengine waliniambia nitumie orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, lakini ile inabeba watu 256 na tena haimfikii ambaye hajaihifadhi namba yako kwenye simu yake, unatuma unadhani umefika kumbe hujafika.

Mengine ntayapita haraka. TikTok ilinipa watazamaji wengi na wasomaji wachache sana, watu wanatazama wanapita, sijaacha ila siitegemei. Facebook ni makundi tu, hasa ya watu wa Pwani walioko nje, na huko kwanza unajibu maswali ya watu wiki kadhaa bila linki yoyote, ndipo siku utakayoweka linki watu wakupokee. Pinterest, ule mtandao wa kuhifadhi picha, ilinishangaza. Picha niliyoiweka leo inaweza kuleta mtu mwakani, na wanaokuja huko ni mafundi wa kushona wa Marekani na Uingereza wanaotafuta vitambaa, hawajui Kiswahili, ila wanakaa kwenye ukurasa muda mrefu kuliko mtu yeyote na wananiandikia kuuliza pindo ni nini.

Redio pia. Mtangazaji mmoja wa kituo cha hapa mjini alisoma majina matatu hewani akataja tovuti yangu, na karibu hakuna aliyeingia, kwa sababu anwani yangu ilikuwa na vistari viwili katikati, na mtu anayekaanga samaki jikoni hawezi kushika "leso kistari" nini na nini kwa sikio. Nikanunua domeni nyingine fupi inayotamkika kama inavyoandikwa, inampeleka mtu palepale. Aliposoma tena mwezi uliofuata waliingia. Kabla hujanunua jina la tovuti mpigie mama yako simu, mtajie mara moja, mwambie aliandike.

Na barua pepe. Niliambiwa watu wetu hawasomi barua pepe, na kwa walioko hapa ni kweli kwa kiasi, ila walioko nje wanasoma, tena wanajibu. Nina watu kama mia tatu, kila mwezi nawaandikia barua moja ndefu juu ya leso moja. Hawa ndio nawapenda zaidi, ntasema wazi, kwa sababu kesho WhatsApp wakibadilisha mambo yao au Google wakabadilisha yao, ile orodha bado ni yangu.

Mwezi uliopita dada mmoja wa Muscat aliijibu barua na picha. Leso ya mama yake, aliyoivaa siku anaondoka Mombasa kwenda Oman, imefuliwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa cha mtoto, na jina limefutika lote limebaki neno moja mwishoni, SIKATI. Mama mwenyewe hakumbuki tena. Nikawaza ni Japo sipati tamaa sikati, lakini kuwaza si kujua, nikaichukua ile picha nikaenda nayo kwa ami. Akavua miwani, akaisogeza simu karibu na jicho, na hakuyatazama maandishi kabisa, alitazama pindo. Akamwita mkewe atoke nyuma ya duka aje aone. Wakabishana kidogo juu ya rangi ya zamani ya pindo lile, kisha mkewe akalitaja jina lote kabla sijalitamka mimi.

Nikaupandisha ule ukurasa usiku uleule, na picha ya leso iliyofutika juu, nikamtumia dada wa Muscat. Yeye akautuma kwenye grupu la ndugu zake. Kufika asubuhi ulikuwa umefunguliwa Muscat, Dubai, London, na mara mbili hapa hapa Kibokoni, na mmoja wa hao wa Kibokoni akaniandikia kwamba yeye ana pacha ya doti ile, iko kabatini, haijawahi kuvaliwa.

Jumamosi naenda kuipiga picha.